Nilivyomuua Mzee wa Athene Kabla ya Wakati Wake

Leo nimevuliwa nguo, jamani, nikiwa ndani ya suti.

Mnajua nilikuwa na usaili chuoni hapa Birmingham, wa kusomea falsafa ya Kigiriki. Nafasi ilibaki moja. Sharti lake: uwe unasoma Kigiriki chenyewe. Nami kwenye fomu niliandika kwamba nakisoma bila shida. (Kwenye fomu mtu huwa jasiri sana.) Ukweli ni kwamba padre aliyetufundisha kule Nyeri alitupa kurasa mbili tu, za siku ya mwisho ya yule mwanafalsafa wa Athene aliyehukumiwa kunywa sumu, na tafsiri yake tukaikariri kwa fimbo. Kila mwaka mtihani ulitoa kurasa zilezile. Kwa nini Birmingham iwe tofauti?

Nilipanda basi mtaani kwangu, Stechford, nikashuka vituo viwili kabla ya chuo kwa sababu miguu ilikataa kukaa. Nikatembea. Nikakimbia. Nikasimama mbele ya duka la viatu, nikakariri kurasa zangu, nikamuua yule mzee kwa sauti, toka gerezani hadi kaburini. Mwenye duka akageuza kibao cha kufunga.

Ofisini nilipokewa na karani, Bi Surinder, mzaliwa wa Nakuru. Kuona jina langu tu, akahamia Kiswahili. Akanimiminia chai, akaniambia tangu aanze kazi hajaona mtu wa nyumbani akiingia idara hiyo, na leo ataacha mlango wazi kidogo asikie. Nikamwambia auache wazi kabisa. (Mimi! Kwa mdomo wangu!)

Profesa, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akanipa karatasi nitafsiri. Mstari wa kwanza nikaona jina la mzee. Ndilo neno pekee nililolitambua, nalo likanitosha. Nikaanza. Gereza likaingia ndani ya chumba kile. Sumu ikaletwa, marafiki wakalia, baridi ikapanda taratibu kutoka nyayoni, ikapita magoti, ikautafuta moyo. Sauti ikatetemeka. Macho yakanilowa. Nikailaza karatasi mezani kama anayefunika maiti.

Profesa akavaa miwani yake.

"Umesoma vizuri sana," akasema Profesa. "Ila kwenye karatasi yako bado yuko hai."

Nikaitazama. Mistari sita. Kikombe cha sumu hata hakijaletwa. Profesa akanieleza, kwa upole ulioniumiza zaidi, kwamba katika mistari hiyo mzee anakwenda kuoga tu.

Nikajaribu kujinasua kwa hekima. Nikasema mwanafalsafa wa kweli hukiri kwamba hajui.

"Na hilo nalo umelikariri?"

Nje, Bi Surinder alipaliwa na chai.

Nafasi ikaenda, nikiiona inavyoenda. Nilipotoka, Bi Surinder hakucheka. Alininyooshea koti langu, akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, ulisomeshwa kwa fimbo?"

Nikaitikia.

"Mimi pia. Majibu yote ya hesabu nilikuwa nayo kichwani. Maswali sikuyaona."

Profesa ameniandikisha darasa la jioni la Kigiriki, Jumatatu, pamoja na wastaafu wanane. Tunaanza na alfabeti. Naomba asicheke mtu, hasa wewe, Kamau, uliyenishikia kitabu nikikariri wiki tatu nzima na kunipigia makofi kila nilipofika mwisho.