Vielezi vya Mama Ushindi

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimekalia kiti cha mke wangu. Kiti chenyewe! Darasa la Kiingereza la watu wazima, hapa Juru. Eugénie yuko Kakoba, Mbarara, kwa dada yake, tangu tulipomzika mtoto wetu Ushindi mwezi wa nne. Hataki kurudi. Jumamosi saa tatu asubuhi atakuja tusimike msalaba kaburini, kisha aende zake tena.

Lakini nina mpango. Nitasoma hotuba ya Kiingereza pale pale kaburini. Ataduwaa! Atarudi nyumbani. Jirani yetu Natanaeli, bingwa wa darasa, amesema hotuba ya nini, mimi nifike tu. Wivu.

Jumatano, 9 Julai

Madamu Kaudha anafundisha vielezi. Anataka tutafute neno linaloonyesha jambo limefanyika vipi, lini, fasi gani. Mengine yanaongeza nguvu kwenye sifa. Mazoezi nyumbani.

Nimetumia kaye ya Eugénie, daftari lake la darasani, aliyoiacha chini ya godoro. Mifano yake mwenyewe. Ameandika kwa Kiingereza kwamba Ushindi alikuwa na joto sana. Kwamba mtoto aliniita tena na tena. Kwamba nilichelewa kuja.

Siku ile nilikuwa Isingiro, kwa mpango wangu mwingine, wa kufuga sungura.

Nimelia, sifichi. Ukurasa umelowa. Kisha nikapiga mistari. "Very" inaeleza sifa, lile joto. "Late" inaeleza tendo, kuja kwangu.

Ijumaa, 11 Julai

Alama zote! Natanaeli amekosa moja. Shauri yake.

Hotuba imekwisha, vielezi kumi na tisa. Ila mwandiko wangu, kuku amepita. Lazima ichapwe Isingiro. Nitatoka alfajiri, saa tatu nitakuwa nimerudi. Natanaeli amenisihi. Baba Ushindi, kaniambia, kesho usiende popote. Siku hizi hakuna anayeniita hivyo. Imeniuma. Lakini anaiogopa hotuba yangu, najua.

Jumamosi, 12 Julai

Umeme Isingiro hakuna! Mwenye duka akasema nisubiri kidogo. Nikasubiri. Ningerudi vipi mikono mitupu? Mwisho nikarudi hivyo hivyo, na bodaboda ikapasuka tairi njiani. Juru nimefika saa nane.

Msalaba umekwisha kusimama. Natanaeli ana udongo mpaka viwikoni. Ndiye aliyeushika, fasi yangu. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Amesema Eugénie alingoja mpaka saa sita, macho barabarani. Halafu akaingia nyumbani, akakuta kaye yake mezani, akaandika mstari mmoja, akaondoka.

Mungu wangu. Nimekaa kaburini, nimemsomea Ushindi hotuba yote kutoka karatasi ya mkono. Alikuwa na miaka minne, Kiingereza hakukijua.

Kisha nikafungua kaye. Eugénie ameandika kwamba nimechelewa tena. Nimepiga mistari. "Late", "again". Viwili, vyote vinaeleza tendo. Sijakosa hata kimoja!

Jumatatu nitampelekea Kakoba aone mwenyewe. Nitapitia Isingiro kwanza.