Ombi la Fungate Katika Jumba la Wexmere

Kensington, Johannesburg

Mheshimiwa Lodi wa Wexmere,

Pokea salamu za mtu usiyemjua, ila nina hakika utafurahi kumjua. Naitwa Nasra, mke wa Seif. Tumeoana juzijuzi na hina bado inang'aa mikononi. Seif ni mume mzuri mno. Hata akipiga mswaki natamani kumpiga picha.

Kwetu Tanga maharusi hukaa ndani siku saba, hawatoki, hawapiki, hawasumbuliwi. Ndiyo fungate. Lakini hapa tumepanga nusu ya chumba. Nusu ya pili, nyuma ya pazia, wanaishi ndugu wawili wa Seif. Juzi nilimwita "mpenzi" kwa sauti ya chini kabisa, pazia likajibu, "Shemeji, amelala."

Ndipo nikaliona mtandaoni jumba lako la huko Uingereza. Vyumba tisini! Machozi yalinitoka. Nikasoma historia yake, na hapo yakaanza malalamiko yangu:

1. Mmeandika kwamba babu yako "alipata utajiri Afrika Kusini", kama mtu aliyeokota kofia njiani. Mheshimiwa, utajiri huo ulikuwa chini ya ardhi, na baba wa babu yake Seif, mtu wa Lindi, alikuwa miongoni mwa walioteremshwa kuufuata. Yeye alipata kikohozi.

2. Mmeandika pia kuwa jumba ni la familia moja kwa vizazi vinne. Tunakubali. Swali ni familia ipi. Dhahabu iliyogeuka kuta tuliitoa sisi. Ninyi mmelitunza tu, na tunawashukuru kwa kulifagia.

3. Mnatoza kiingilio. Yaani mwenye mali alipe ndipo aoneshwe mali yake, tena akatazwe kukalia viti!

4. Huku mmetuachia mashimo, vilima vya mchanga wa machimbo vinavyotupulizia vumbi kila Agosti, na jina la mtaa wa kwenu, Kensington. Vumbi tumelipokea. Jina halilaliki.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, siku saba katika kile chumba chenye kitanda cha mapazia ya hariri. Familia yako ihamie banda la farasi, ambalo kwenye picha limepauliwa vizuri kuliko nyumba yetu. Siku ya nane, kwa kuwa tutakuwa tumeshazoea, tusisumbuane na habari za kuhama. Picha ya babu yako ishushwe, ipandishwe ya harusi yetu. Seif ametoka vizuri zaidi, na hakuna aliyekufa ili yeye apendeze.

Mkiona vigumu, ling'oeni jumba mlirudishe lilikotoka. Mashimo bado yapo. Litaenea.

Wasalimie mkeo, watoto, na farasi mmojammoja. Seif anakusalimu, na nyuma ya pazia nako wanakusalimu.

Wako mwenye furaha isiyo na nafasi,
Nasra binti Mahmoud

Nyongeza: Barua ilichelewa kupata stempu, na mambo yamebadilika. Usituandalie kitanda. Jirani yetu Marcellin, fundi cherehani, alisafiri kwenda Lubumbashi akamwachia Seif ufunguo wa chumba chake ili amwagilie maua. Chumba kina dirisha! Tukahamia. Sasa amerudi, anagonga, "Madame, fungula, chumba ni yangu!" Nimemjibu kupitia tundu la kitasa kwamba mambo ya kale tuyasahau, na kwamba chumba ni cha anayekitunza. Bado anagonga. Mheshimiwa, ninyi mna uzoefu wa vizazi vinne: huwa mnawaambia nini wanaogonga?