Kicheni Pati ya Lulu

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Bi Zubeda kaniita chumba cha nyuma. Nikamwamkia mara mbili, maana shikamoo ya kwanza ilimezwa na kelele za mashine. Kasema anafungua tawi la kudarizi Kigamboni na anatafuta msimamizi. Anatufikiria wawili: mie, na Twalib anayechora nembo. Mie nina miaka sita kwenye duka hili la Tandika. Twalib ana miwili, na tayari anapenda kutoa ushauri.

Mtihani wenyewe ni huu. Programu ya michoro inategemea faili moja la leseni. Bila hilo haifunguki, na mashine hazidarizi hata herufi. Kampuni iliyotuuzia imeonya kwamba leseni ikionekana kwenye kompyuta za nje wataifunga. Na Abdulrahman, mwenye duka ng'ambo ya barabara, programu anayo ila leseni hana. Keshaanza kuwachekea wafanyakazi wetu. Bi Zubeda kaniambia: Gaudens, lilinde faili hilo mpaka Jumamosi, sashi mia na arobaini, tepe za kuvaa begani kwenye mahafali ya darasa la saba, zitoke salama, Kigamboni ni yako.

Twalib, aliyekuwa kasimama mlangoni, akadakia. Eti kila mtu afunguliwe akaunti yake kwenye kompyuta, watu watumie programu bila kulifikia faili, na pasiwedi kuu abaki nayo bosi. Nusu saa tu, kazi imekwisha. Nikampinga palepale. Nikasema kumwekea mtu pasiwedi ni kumwita mwizi. Bi Zubeda ana haya na watu wake, kakubaliana na mie. Ukweli wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba halikuwa langu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepata dawa! Faili linaloitwa leseni linajitangaza lenyewe. Nimelihamishia kwenye folda mpya, programu nimeielekeza huko, na folda nimeiita Video ya Kicheni Pati ya Lulu. Lulu hayupo, nimemtunga.

Hesabu yangu iko hivi. Kicheni pati ni mambo ya wanawake. Wanamfunda bibi harusi humo, na mwanaume hata mlangoni hasogei. Mafundi wetu wote ni wanaume isipokuwa Tunu wa mapokezi, na Tunu ana adabu zake. Nani ataigusa? Nimejisikia vizuri sana. Nimekula wali kuku badala ya wali maharage.

Jumatano, 20 Agosti

Siku tulivu. Hakuna aliyeulizia leseni, hata mmoja. Ila watu wananipenda ghafla. Fundi wa sweta kaomba akae kwenye kompyuta yangu dakika mbili. Fundi wa kofia naye. Mteja aliyefuata kanzu yake kakaa saa nzima na kasahau kanzu. Wote wana flashi. Vijana wanajisomea, nikadhani, nikawapisha.

Twalib peke yake hajasogea. Anachora majina ya watoto kwenye sashi. Nikamshuku papo hapo. Mchana nikamfuata kwa nyuma. Kala chipsi mayai, karudi.

Alhamisi, 21 Agosti

Tunu kaja kulalamika kwamba video ya Lulu haifunguki. Kajaribu kwa kaka yake Gongo la Mboto, kwa shoga yake Mbagala, wapi! Hakuna picha, hakuna muziki. Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Nikamuuliza ameipata wapi. Kasema kwa fundi wa sweta. Yule naye kampa wa kofia, na wa kofia kawapa jamaa zake, maana kila mwanaume wa mtaa huu anataka kujua wanawake wanaambiana nini humo ndani. Tunu mwenyewe alitaka tu kuona sare walizovaa. Nikauliza kama imefika ng'ambo ya barabara. Kasema eti ndiko pekee ilikofunguka! Fundi wa Abdulrahman kabonyeza, video hakuiona, lakini programu yao iliyokuwa imegoma tangu Juni ikafunguka yenyewe. Wamemshukuru sana Lulu.

Mungu wangu. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 22 Agosti

Saa tatu asubuhi programu imefungwa. Maandishi mekundu kioo kizima: leseni hii imeonekana kwenye kompyuta kumi na saba. Sashi sitini na moja hazijadariziwa. Nikapendekeza tuzime umeme na kuwasha. Tukazima na kuwasha. Kumi na nane.

Ikabidi niseme. Bi Zubeda hakugomba. Kajifunika mtandio usoni, mabega yanatikisika, na mpaka sasa sijui alikuwa analia au anacheka. Niliona aibu kweli.

Twalib kapiga simu kwa waliotuuzia. Kaomba, kaeleza, kaomba tena. Wamekubali kutoa faili jipya kwa sharti la akaunti na pasiwedi. Kaziweka yeye. Nimempimia muda nikitumaini atachelewa. Dakika ishirini na sita. Sashi ya mwisho imetoka saa moja jioni. Mie nilipewa mkasi, nikate nyuzi.

Jumamosi, 23 Agosti

Sashi zimekwenda na watoto wamependeza. Kigamboni kapewa Twalib. Nimempa mkono na imeniuma.

Kwa kuwa anaondoka, lazima mtu wa hapa awe na pasiwedi kuu siku bosi hayupo. Tunu kakataa, hataki kesi. Nimebaki mie. Bi Zubeda kaniambia hii ndiyo nafasi ya mwisho, na kaniapisha nisiiandike kwenye karatasi wala kwenye simu.

Jumatatu, 25 Agosti

Pasiwedi ina herufi na tarakimu kumi na nne. Hadi saa nne nilishasahau tatu za katikati. Ila mie si mtu wa kushindwa. Karatasi imekatazwa. Simu imekatazwa. Kitambaa hakikutajwa.

Nimeidarizi ndani ya kola ya shati langu la kazi, uzi mweupe juu ya nguo nyeupe. Haionekani! Mwishoni programu ikauliza mchoro uhifadhiwe kwa jina gani, kwenye folda ya michoro ya mafundi wote. Hapo nikakumbuka yaliyonipata wiki iliyopita kwa kudanganya majina. Safari hii nimeandika ukweli mtupu: Pasiwedi Kuu ya Bi Zubeda.