Marahaba ya Mwenyekiti

Kwa furaha kubwa inatangazwa kwa watu wote wa Bangwe, Rusimbi na Ujiji, hadi kule Kalinzi kwenye kahawa, kwamba chuo kikuu chetu kimeanzisha Kundi la Ushirikiano wa Kitaaluma Mtandaoni. Natangaza mimi, Mwasiti wa jikoni, kwa kuwa nimo kundini tangu siku ya kwanza. Dokta Leodgar, Mwenyekiti wa Kamati ya Uanzishaji, aliniingiza kwa mkono wake mwenyewe ili nijue saa ya kuleta chai. Bosi mwingine angeniita kwa kelele tu.

Ilikuwa mapema mwaka huu wa 2017. Warundi walikuwa bado wanavuka mpaka na vitanda vyao kichwani, kambi zimefurika, na Kamati ikagundua kwamba kinachokosekana ni kundi la wasapu. Ilikaa vikao kumi na kimoja. Najua, maana niliwakaangia maandazi katika vyote kumi na kimoja.

Kanuni zilikuwa nyingi, lakini iliyochukua vikao tisa ni ya Nne. Inasema: mwanakundi yeyote, kabla ya kuandika jambo, awaamkie wote waliomzidi, mmoja mmoja kwa jina, wala asiendelee mpaka kila mmoja ameitikia marahaba. Anayeruka, karani Hasna anamtoa kundini siku saba.

Profesa Dismasi alipendekeza ukubwa upimwe kwa elimu.

"Umri," akasema Dokta Leodgar. "Sisi ni Waafrika."

Profesa ana shahada moja zaidi ya Dokta, lakini alizaliwa miaka mitatu baada yake. Kamati ikaona hoja ya umri ina mashiko.

Ushirikiano ulikuwa mkubwa kuliko ulivyotarajiwa. Siku ya kwanza ziliingia salamu elfu moja na mia mbili. Hoja za kitaaluma hazikuwepo, ila Kamati ilisema zitafuata zenyewe.

Sasa, alikuwapo binti anaitwa Veneranda, Mrundi, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ametoka kambini kwa kibali. Alikuwa ameandika kazi juu ya akina mama wa Bangwe na jinsi ya kuanika dagaa wasioze wakati wa masika. Kazi ikipokelewa kundini kabla ya saa sita mchana Ijumaa, chuo kingemwombea kibali cha mwaka mwingine. Isipopokelewa, Jumamosi anapanda basi kurudi kambini, na masomo yameishia hapo.

Jumatatu asubuhi aliamkia wakubwa arobaini na mmoja. Mimi nilimwitikia kabla sijaweka sufuria chini. Hadi Jumatano jioni walikuwa wameitikia arobaini.

"Bado nani, mjukuu wangu?" nikamuuliza.

"Mwenyekiti, bibi."

"Labda simu yake haina bando."

"Anaweka picha za harusi ya mpwa wake kwenye statasi tangu jana."

Akaenda ofisini kwake. Nilikuwa nakusanya vikombe, nikasikia.

"Shikamoo Dokta."

"Hiyo ni ya mdomo. Haina kumbukumbu."

"Nimeandika kundini tangu Jumatatu."

"Nimeiona. Inashughulikiwa."

"Marahaba inashughulikiwa?"

"Binti, mimi ni Mwenyekiti. Nikiitikia kila mtu hovyo hovyo, marahaba yangu itabaki na uzito gani?"

Alimwambia kwa upole, na mlango wa kutokea akamfungulia yeye mwenyewe. Lazima niseme ukweli.

Usidhani wenzake walimwacha. Jioni walikuja jikoni kwangu, wakaketi juu ya magunia ya mkaa, wakaisoma kazi yake ukurasa kwa ukurasa. Bariki wa darasa lake alirekebisha majedwali. Mwingine alimpa chaja. Nilimweleza Dokta jambo hilo jema, naye akasikitika: huko kulikuwa kushirikiana nje ya mfumo.

Ijumaa saa nne alifika mgeni kutoka makao makuu, mama mmoja mnene mwenye miwani, kuja kuona kundi likifanya kazi. Ukumbi ulijaa. Kundi likaoneshwa ukutani kwa mashine, herufi kubwa kama milango. Dokta Leodgar akasimama na simu yake na hotuba ya kurasa sita, aitume kundini mgeni aone.

"Samahani Mwenyekiti," Hasna akasema. "Hujaamkia."

"Nimwamkie nani? Mimi ndiye mkubwa wa wote humu."

Hasna akafungua daftari. Ni binti mwangalifu sana, hajawahi kupoteza hata kijiko changu. "Wewe ni wa mwaka 1957, Dokta. Kuna mmoja wa 1944. Bibi Mwasiti, idara ya chai."

Ukumbi ukacheka. Dokta naye akacheka, kidogo.

"Huyo tulimweka kwa ajili ya chai!"

"Kanuni ya Nne inasema mwanakundi yeyote," Hasna akajibu. "Ukiruka ni siku saba nje."

Mgeni akavua miwani. "Kanuni aliitunga nani?"

"Mimi," akasema Dokta.

"Basi endelea, tuone inavyofanya kazi."

Dokta akaandika. Ukutani pakatokea: *Shikamoo Bibi Mwasiti.* Watu mia mbili wakanigeukia, nami birika mkononi.

Mimi sijamnyima mtu marahaba maishani mwangu. Lakini nilipofikiri, nikaona si vizuri kumpitisha mtu mbele ya mwenzake. Nikamwambia, "Yako nimeiona, mwanangu. Ila kuna shikamoo imelala kwako tangu Jumatatu. Ukishaiitikia hiyo ndipo nitajua foleni imefika wapi."

"Bibi, nina mgeni!"

"Namuona. Karibu chai, mama."

"Asante bibi," akasema mgeni. "Sina haraka."

Saa tano na dakika arobaini Mwenyekiti aliandika *Marahaba Veneranda*. Saa tano na dakika arobaini na moja kazi ya dagaa ilikuwa ukutani, na mgeni aliisoma yote, akauliza maswali, akaipokea kwa sahihi yake saa sita haijagonga. Veneranda akanishika mikono miwili, akanishukuru kwa Kirundi. "Murakoze cane, bibi." Nikampa andazi.

Ndipo nikaanza kumwitikia Dokta. Mimi huandika kwa kidole kimoja. Nilipomaliza, mgeni alikuwa ameshapanda gari.

Tangu hapo Kamati imeamua kwamba Kanuni ya Nne ifutwe haraka iwezekanavyo. Pendekezo la kuifuta linapaswa kuwekwa kundini na Mwenyekiti, baada ya salamu. Leo asubuhi amekuja jikoni mwenyewe, suti imenyooka, simu mkononi, anataka kujua marahaba ya salamu yake mpya imefikia wapi. Nimempa kigoda na kikombe cha chai, tangawizi nyingi kama apendavyo. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mbele yake wapo saba tu.