Mzinga wa Mama na Hila za Kaka

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi ametoa hukumu. Uwanja ni wake, na fundi cherehani wa jirani ameumwa na nyuki mara ya tatu, safari hii juu ya jicho. Anapima wateja kwa jicho lililobaki. Mizinga miwili imezidi! Jumapili Shangazi atainyanyua mmoja mmoja kwa mkono wake. Mzito utabaki, mwepesi utaondoka siku hiyohiyo.

Mwepesi ni wangu. Tena si wangu hasa, ni wa Mama. Alituachia alipofariki, na mimi ndiye niliyeuchukua. Sina shamba, sina rafiki mwenye shamba. Ukitoka hapa utapasuliwa kuni. Ule mwingine, mzito kama jiwe la kusagia, ni wa Kaka. Kaka alikunywa chai tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa! Nyuki hukumbuka mahali, si sanduku. Mizinga ikibadilishana nafasi, nyuki vibarua wa Kaka watatoka kwake na kurudi kwangu, na mizigo yao.

Tatizo: mzinga haubebwi na mtu mmoja. Alfajiri, kabla nyuki hawajatoka, nikamwambia Kaka mzinga wa Mama unahitaji jua la asubuhi, una baridi yabisi. Akauliza kama nyuki huugua baridi yabisi. Nikasema wale wazee huugua. Akasema haya, mdogo wangu, shika huko. Tumeihamisha yote miwili, na upande mzito akabeba yeye. Nusura nimwonee huruma.

Jumatano, 6 Machi
Raha tupu. Walinzi wangu wanawanusa wageni mlangoni. Mwenye mzigo anapishwa kwa heshima, wa mikono mitupu anaburutwa kwa bawa hadi nje. Adabu nzuri sana.

Mchana nikajilaza nyasini, sikio karibu na mzinga. Ule mvumo ukaniingia mpaka sikujua ninaishia wapi. Nikaota mimi ni mmoja wao. Nimebeba kitu kitamu, sijui cha nani, na hakuna anayeniuliza nimepanga nini. Nilifurahi mno. Nikaamka, sisimizi wamejipanga mstari juu ya tumbo langu wakiuhamisha mkate wangu.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Wageni wamemkataa malkia wangu. Wamemzingira wakawa donge kama ngumi, wanambana afe kwa joto. Mimi nikapiga mayowe, sikujua jingine la kufanya.

Kaka akaja na bakuli la maji, akalitumbukiza donge zima. Nyuki wakaachia. Akamwokota malkia kwa vidole viwili, akamweka ndani ya kiberiti kitupu alichokitoboa kwa sindano ya fundi cherehani. Akaniambia nimwache humo, katikati ya mzinga, siku mbili, mpaka wote wazoee harufu yake. Kisha akawatazama wale nyuki, akauliza mbona wanafanana na wake. Nikasema nyuki wote wanafanana. Akasema kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Kaka ana jambo. Amekuja na sega lake, limejaa asali, akalipachika mwenyewe kwenye mzinga wangu. Eti litawapa nguvu. Nani humpa adui silaha? Nimelinusa. Nimelikagua juani. Asali tupu! Hapo ndipo nilipoogopa.

Baada ya chakula nikakaa dirishani kumchunga. Jua kali, macho mazito. Nikamwona Kaka akipita uwanjani polepole, sega baada ya sega, kutoka kwake kuja kwangu, nyuki wametulia mikononi mwake. Mama alikuwa amesimama nyuma yake akimwelekeza. Nilipozinduka hapakuwa na mtu. Matone ya asali tu, yanang'aa kwenye nyasi kati ya mizinga. Ndoto siku hizi zinachafua!

Jumamosi, 9 Machi
Nimefungua kiberiti. Malkia akatoka, wale waliotaka kumuua wakamramba kama mtoto. Nimelia kidogo. Moshi ule wa kutulizia nyuki.

Jumapili, 10 Machi
NIMESHINDA! Mzinga wangu Shangazi hakuweza kuutikisa. Wa Kaka aliunyanyua kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe. Akili ni mali.

Kaka akaupakia kwenye mkokoteni wa fundi cherehani, ambaye aliutoa bila kuombwa. Anaupeleka shamba la rafiki yake, mbali, na yeye atahamia hukohuko, maana nyuki wanataka mtu. Getini akanishika bega, akasema mzinga wa Mama usitoke hapa. Nikamtakia safari njema.

Jioni nyuki wake waliokuwa malishoni wakarudi. Hawakukuta kitu. Wakazunguka pale mahali patupu, wakazunguka, kwa sauti nyembamba. Nikasimama katikati yao muda mrefu. Nimemkumbuka Kaka, na hajafika hata huko anakokwenda. Mwishowe wakaingia kwangu, na walinzi wakawapisha.

Nimelitafakari jambo hili nikiwa nimetulia. Kwanza malkia, kisha sega, sasa nyuki hawa. Mtu hatoi vyote hivyo bure. Kuna anachokitafuta! Kesho namwandikia barua ya upole, nimuulize tu hali. Akinijibu vizuri, basi nimemnasa.