Mama Ndani ya Sidra, Sidra Ndani ya Mama

Jumapili, 9 Novemba
Bi Ibtihaj, mwenye chekechea ya mtaani, katuita mimi na wifi yangu Wijdan. Anataka huduma ya mtandaoni: simu imwambie mzazi mwanawe kala nini, kalala au la, nani anakuja kumchukua. Atakayeiwahisha kufikia Alhamisi anapata kiti cha ofisini. Kiti cha dirishani! Dirisha linatazama chumba cha wadogo! Nitamwona Sidra wangu akisinzia na kidole mdomoni. Nikishindwa, narudi kiwandani kushona, na Sidra nitakuwa namkuta kalala kila siku.

Wijdan kamaliza kozi ya kompyuta. Mimi niliishia katikati, Sidra akazaliwa. Ila hili nalikumbuka: mtoto, yaani taarifa zake, hapiti kwenye waya mzima mzima. Unamfungua kama kabati la kuhamishwa, unamlaza kwenye mstari wa maandishi, wa upande wa pili wanamuunga upya. Nani asiyeweza?

Mpango: ndani ya Sidra nimemweka mama yake, mimi Rihab, kamili. Ndani ya mama, Sidra, kamili. Si ndivyo Mungu alivyopanga?

Jumatatu, 10 Novemba
Kompyuta inazunguka tangu asubuhi. Sidra ana mama Rihab ana mtoto Sidra ana mama Rihab... Haifiki mwisho! Imepata moto hadi mama mkwe kaanika soksi za Sidra juu yake. Kasema angalau leo imefaa kitu.

Wijdan kacheka hadi kashika ukuta. Eti wifi, kata upande mmoja, mtoto abaki na namba tu ya mama yake. Nimkate mama! Nikamwambia roho yake jiwe. Chai kaniletea hata hivyo, na mnanaa ndani.

Jumanne, 11 Novemba
Nimekubali kukata. Kidogo tu! Badala ya mtu kamili, jina. Si namba; namba ni za magari. Nimesimama langoni nikiwauliza wanawake: nyumbani unamwitaje mwanao? Nani atamchukua? Nimeandika kama walivyosema. Kazi imekwisha kabla ya adhuhuri. Maskini Wijdan!

Jumatano, 12 Novemba
Balaa. Nilisahau kwamba hapa kwetu Zarqa, Jordan, mama humwita mwanawe "mama". Njoo mama, kula mama, hata mwana akiota ndevu! Mimi mwenyewe namwita Sidra hivyo. Sasa chekechea nzima wanaitwa Mama, na wanachukuliwa na Mama. Simu zikalia kwa akina baba makazini. Mama kala dengu. Mama kagoma kulala. Mama kajikojolea.

Abu Qusai, baba yake Qusai, kafunga duka la vipuri, kakimbia na nguo safi hadi kwa mama yake mzazi. Bibi wa watu yuko na majirani, anaviringisha majani ya mzabibu. Kamcharaza kandambili mbele yao wote.

Alhamisi, 13 Novemba
Kiti kapewa Wijdan. Huduma yake haikukosea hata mtoto mmoja. Nikaingia chumba cha wadogo kumchukua Sidra, nikaketi chini ili nisilie. Watoto wakanipanda magoti, shingo. Qusai kanisinzilia begani.

Mlangoni akatokea bibi yake Qusai, kauliza ni nani aliyemletea mwanawe nyumbani. Tangu Idi alikuwa hajamwona! Baada ya kandambili alimlisha, wakazungumza hadi alasiri. Kanibusu kichwani. Kamwambia Bi Ibtihaj huyu usimwachie, watazame hao watoto walivyomng'ang'ania. Bi Ibtihaj katazama. Kasema anahitaji mlezi humu chumbani, nianze Jumapili, wiki ikianza, ila niape sitagusa kompyuta. Nikaapa kabla hajamaliza. Upande wa pili wa dirisha Wijdan anafuta macho, eti vumbi.

Ijumaa, 14 Novemba
Bibi yake Qusai kaomba naye apate habari kwenye simu. Wijdan kasema rahisi, anamwongezea namba. Bibi, namba! Haiwezekani. Nimepata njia: bibi mzima namweka ndani ya mama, mama ndani ya mtoto, na mtoto, bila shaka, moyoni mwa bibi. Kiapo ni cha kuanzia Jumapili.

Kompyuta imeshaanza kupata moto. Nimefua soksi.