Umuravumba wa Kampeni

Jumatatu, 3 Novemba
Ijumaa tunachagua delege, kiongozi wa darasa. Nyumbani Gitega nimeshamwambia mama kwamba nimeshinda. Mpinzani ni mmoja, Adélaïde, na sera yake ni ndoo. Ameiweka mlangoni na sabuni: mafua yameingia chuoni, kila mtu anawe mikono, anayekohoa abaki nyumbani. Nani huipigia ndoo kura? Mimi nimekohoa mara tatu tu. Vumbi. Loïc, mwenzangu wa chumba, anasema mvua inanyesha tangu jana. Basi ni vumbi lililolowa.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepata sera! Umuravumba, majani yale machungu ambayo kila bibi humchemshia mjukuu mwenye kikohozi. Nimeyachuma uani kwa mama mwenye nyumba (hakuwepo). Kesho nawanywesha wapiga kura. Kinga ni bora kuliko tiba. Loïc kaniangalia, kasema, "Audace, weye uko mugonjwa. Bakia ku nyumba." Wivu.

Jumatano, 5 Novemba
Wamekunywa kumi na wanane, Loïc akiwa wa kwanza. Birika moja, vikombe vinne. Nami nina adabu: kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza, mgeni asije akadhani kuna sumu. Nimeonja kila kikombe kabla ya kumpa mtu. Mara kumi na nane. Adélaïde kauliza kama nisingeweza kuonja mara moja tu, kwa kijiko changu. Hakulelewa vizuri, maskini. Wote wameniahidi kura, na darasa lina watu thelathini na mmoja. Pua inavuja kidogo. Ni furaha.

Alhamisi, 6 Novemba
Mwili moto, mifupa inauma, sauti imekwenda. Sikubali. Nimehutubia darasa kwa kunong'ona. Waliokaa mbele wamehamia nyuma. Loïc anapiga chafya. Nimemwomba avumilie hadi baada ya uchaguzi.

Ijumaa, 7 Novemba
Tumepiga kura watu kumi na watatu. Wangu wote kumi na wanane wako kitandani. Mimi nimepigia kura dirishani, kwa amri ya mwenye ndoo. Kumi na mbili kwa moja. Ile moja naifahamu. Mama kapiga simu kuuliza sherehe ni lini. Nimelia kidogo. Homa hutoa machozi.

Jumapili, 9 Novemba
Delege mpya kaja na barakoa, kasimama mlangoni, katuachia supu na maagizo: tulale, tunywe maji mengi, kila mtu na kikombe chake, na pumzi ikibana twende hospitali mara moja. Kisha kaniambia, "Siko nakucheka, Audace. Pona kwanza, urudi." Imeniuma kuliko mifupa.

Nimetafakari siku nzima, na kosa nimeliona. Umuravumba ulikuwa mwepesi. Mwakani nachemsha sufuria. Kwa sasa nimemmiminia Adélaïde kikombe cha upatanisho, Loïc atampelekea kesho. Nimekionja mara mbili, asije akadhani nina kinyongo.